Uzi wa Kupimia Kovu

Ninyi mnaoanza kazi ya kufunga vidonda, mkinikuta kwenye foleni ya dawa za presha msiniite mwalimu mbele za watu. Nimefunga vidonda miaka thelathini na mmoja kwenye kituo kimoja cha afya hapa Mwanza, upande wa ziwani, na siku ya kustaafu walinipa kitenge, saa ya ukutani na maneno matamu mengi. Saa ilikufa kabla ya Krismasi. Maneno yale sikuyastahili hata siku ile, nami nilikaa pale mbele nikitabasamu na soda mkononi. Nitawaeleza kwa nini, ila mnivumilie, maana sijui kusimulia kwa mstari ulionyooka.

Kwanza niwaambie kitu ambacho chuoni hamkuambiwa vya kutosha. Kidonda kikifunga, mgonjwa anashangilia, nesi anashangilia, kadi inawekwa kabatini. Mimi kidonda kikifunga ndipo roho huanza kunidunda. Ngozi iliyoungua haijui kuacha kazi. Mwezi wa kwanza na wa pili kovu linakaa chini, laini, linang'aa, mgonjwa anajisifu kwa majirani. Mwezi wa tatu linaanza kupanda. Linakuwa gumu, lina joto ukiligusa, linawasha mpaka mtu anatamani kujikuna kwa kijiko. Karibu na mwezi wa sita linafika kileleni. Hapo mama atakuja analia, atakwambia mwanangu amerogwa, na wewe itabidi ujue ni kovu la aina gani kabla hujafungua mdomo.

Maana yako mawili. La kwanza lina adabu. Linatuna, lakini ndani ya mipaka ya kidonda chake. Likishafika kileleni linachoka, linalainika kuanzia pembeni, linashuka polepole, na baada ya mwaka mmoja au miwili unalikuta limelala na kupauka. La pili ndilo tunaloliita keloidi, na hilo halina mpaka. Linavuka kidonda na kuingia kwenye ngozi ya jirani ambayo haikuungua wala kukatwa, na halichoki. Ukilikata kwa kisu peke yake linarudi kubwa kuliko lilivyokuwa. Linapenda kifua, mabega, taya, na masikio ya wasichana waliotogwa. Miezi ya mwanzo haya mawili yanafanana kama mapacha.

Aliyenifundisha kuyatofautisha ni Mzee Lutonja, mfunga vidonda wa zamani ambaye hakuwa na cheti hata cha kutundika chooni. Alikuwa Msukuma wa Misungwi, mimi Mkerewe, na kutwa nzima tulitaniana. Aliniambia watu wa kisiwani tunachojua ni kuparua samaki, nami nikamwambia yeye anamfunga mgonjwa bandeji kama anayefunga ndama. Alikuwa na mikono mikubwa mno, lakini akishika kovu la mtoto, mtoto hashtuki. Kabla hajatazama alikuwa anagusa. Anabonyeza kwa kidole gumba, anasikiliza joto, anasikiliza ugumu, ndipo anavaa miwani.

Mfukoni alikuwa na donge la uzi, ule mweupe mnene wa kushonea magunia ya pamba. Siku kidonda kilipofunga alilaza uzi juu yake, ncha hadi ncha, pale palipo parefu zaidi, akaukata, akapiga fundo kila mwisho usifumuke, akautia kwenye bahasha ndogo ya vidonge yenye jina la mgonjwa. Bahasha zote zilikaa kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati. Mgonjwa akirudi kila mwezi, kopo lilishuka na uzi ulilazwa tena juu ya kovu.

"Macho yana huruma, Vero," aliniambia. "Yatakuonyesha unachokitaka. Uzi hauna ndugu."

Kovu likituna ndani ya uzi, unamwambia mgonjwa asubiri. Unamfundisha kulisugua asubuhi na jioni kwa kidole gumba, kwa kukandamiza, si kupapasa kama anayempaka mtoto mafuta baada ya kuoga. Unambana kwa bandeji ya mpira. Likipita uzi, hata kwa punje moja ya mchele, humwambii asubiri. Unamwandikia rufaa siku hiyohiyo akaanze kuchomwa sindano ndani ya kovu lenyewe, mwezi baada ya mwezi, lingali changa. Inauma sindano ile. Nimeona wanaume wa kuvuta nyavu, vifua kama milango, wanamwita mama yao.

Mambo yamebadilika, najua. Wakati wa Mzee Lutonja tulisugua makovu kwa samli, na chumba chetu kilinukia kama jiko la harusi. Baadaye zikaja zile karatasi laini za silikoni za kubandika, boksi moja tu, tukazikatakata na kuwagawia watu vipande kama keki. Sasa ninyi mnapiga picha kwa simu na kutumiana. Pigeni, ni vizuri. Lakini picha haina joto, na mtoto akigeuka kidogo kovu linaonekana fupi.

Nilianza kuharibika nilipoanza kusifiwa. Alikuja mchunga ng'ombe mmoja wa kule Misungwi aliyepigwa pembe na dume lake, pajani. Kovu lilituna mpaka suruali ikawa inamkwaruza. Lilikuwa ndani ya uzi, nikamwambia asubiri, asugue, mwakani litashuka. Likashuka. Akaniletea jogoo mwekundu, akanisifu mbele ya benchi zima la wagonjwa kwamba nesi huyu ana mkono wa baraka. Mimi sikuwa nimefanya kitu, kovu lilikuwa la kushuka lenyewe. Lakini jogoo nilimla, na sifa nilizila pia, nikaanza kuwatabiria watu kwa sauti. Mzee Lutonja alikuwa ameshastaafu na kurudi kwao. Kopo la nyuzi lilibaki chini yangu, wala hapakuwa na mtu wa kunitazama.

Ndipo akaja Kabula. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Mama yake alikuwa anakaanga mapanki karibu na soko, yale mabaki ya sangara yakishatolewa minofu, na siku hiyo karai la mafuta lilipinduka mtoto akiwa amechuchumaa kuchochea kuni. Aliungua kuanzia chini ya taya la kushoto, shingo, hadi kifuani. Nilimfunga mimi kwa zaidi ya miezi miwili. Hakuwa mtoto wa kulia. Nikibandua shashi alikuwa anaimba kimoyomoyo, midomo inacheza, macho ameyakaza kwenye lile kopo juu ya kabati. Kidonda kilipofunga nilimlazia uzi kuanzia tayani hadi kifuani, nikapiga mafundo, nikaandika jina. Aliniuliza kazi ya uzi, nikamweleza vizuri, maana nilipenda kueleza.

Mwezi wa tatu kovu lilianza kupanda, kama nilivyotarajia. Mama Kabula alikuja amejitanda khanga usoni.

"Nesi, niambie tu. Litashuka lini?"

Benchi lilikuwa limejaa. Wote walikuwa wanamfahamu, wengi walikuwa wateja wake. Nami nikajibu kwa sauti ya kusikika mpaka dirisha la dawa kwamba mwakani, siku kama ya leo, atalitafuta kovu lile asilione. Watu wakaguna kwa kuridhika. Yule mama alinishika mikono yote miwili.

Mwezi wa tano nikalaza uzi. Juu, tayani, ulilingana. Chini, kifuani, kovu lilikuwa limeupita uzi kwa punje tatu za mchele.

Nataka mjue kwamba niliona. Sikuwa na haraka siku ile, mwanga ulikuwa mzuri, na macho yangu yalikuwa macho. Niliuvuta uzi kidogo, nikaulaza upya, zikawa tatu zilezile. Mama alikuwa ananitazama usoni. Nje kulikuwa na benchi lililonisikia miezi miwili nyuma. Na mimi nilikuwa najua jambo moja la kweli kabisa, kwamba kovu la mtoto hukua pamoja na mtoto. Mwili ukirefuka, kovu nalo linarefuka. Nikalichukua jambo hilo la kweli nikalifanya uongo.

"Mtoto amekua," nikasema. "Uzi umekuwa mfupi kwake."

Nikautupa ule uzi kwenye ndoo, nikakata mwingine wa kulingana na kovu lilivyokuwa siku hiyo. Mtoto alikuwa amevaa sketi yake ya shule. Ilimfikia palepale magotini ilipomfikia siku ya kwanza, na hilo pia nililiona.

Baada ya miezi mitatu mingine uzi wa pili ulipitwa. Nikakata wa tatu. Mtu akishakata uzi mara moja, mara ya pili mkono unakwenda wenyewe. Kila mwezi Mama Kabula aliuliza, litashuka lini, na kila mwezi nilimpa jibu tofauti kidogo: mvua zikipita, joto likipungua, akishavunja ungo. Usiku mtoto hakulala kwa kuwashwa. Shuleni walimpa jina ambalo sitaliandika hapa.

Mwaka ukapita, na siku kama ile ikafika, na kovu lilikuwa limevuka mfupa wa bega. Hawakuja kituoni. Ndugu walikaa kikao wakasema nesi amefika mwisho wa elimu yake, jambo ambalo lilikuwa kweli kuliko walivyojua. Mtoto akapelekwa kwa mganga upande wa Magu. Mganga alilitazama akasema kovu hili linatembea, tuliwekee uzio. Akamchanja chale kulizunguka lote, ndogondogo, kumi na nne, akasugua dawa nyeusi kila moja. Kwa fikra zake alikuwa anajenga boma ili kovu lisitoke. Msinisaidie kumlaumu. Yeye angalau aliona kwamba linatembea, akasema. Sisi watatu, mimi na mama na mganga, tulikuwa tunamtibu mtoto mmoja, na aliyesema ukweli ni yule ambaye hakusoma.

Waliponiletea mtoto tena ilikuwa miezi minne baadaye. Kila chale ilikuwa imeota kovu lake. Mengine kama punje ya harage, mengine kama njugu, yamepangana kuzunguka lile kubwa, na mawili yalikuwa yameshaungana nalo. Niliketi kwenye kiti cha mgonjwa. Mama Kabula alidhani nimekasirika.

"Nisamehe, nesi," aliniambia. "Wewe uliniambia nisubiri. Ningekusikiliza ningesubiri."

Na mimi, wanangu, nikamsamehe. Nilimshika bega nikamwambia yameshapita, mama, usijilaumu. Sijafanya jambo baya kuliko hilo katika maisha yangu, na nimeishi miaka mingi.

Nikaandika rufaa. Palikuwa na mstari wa kueleza kovu lilianza kuvuka mipaka lini, nikaandika: hivi karibuni. Mficha maradhi, kilio humfichua, ila mimi nilificha maradhi ya mtu mwingine, na kilio kikawa chake. Kabula alichomwa sindano karibu miaka miwili. Muwasho ulipungua, chale chache zikalainika, na zile zilizokuwa bado ndogo zikashuka kabisa, ndipo nikajua lile kubwa nalo lingeshuka kama lingechomwa likiwa na punje tatu. Shingo ilibaki imevutwa upande. Shati la sekondari lenye kola lilimkwaruza, akaacha shule kidato cha pili. Mama yake aliendelea kuniletea samaki kila sikukuu. Alifariki miaka sita iliyopita akiamini kwamba yeye ndiye aliyemharibu mwanawe, na mimi nilikwenda msibani, nikala, nikarudi nyumbani. Hata kaburini sikumwambia. Nilipanga kumwambia, nikaona watu ni wengi.

Mnaweza kuniuliza kama nilijirekebisha. Nilirudi kwenye uzi, ndiyo. Sikukata tena uzi wa pili kwa mtu yeyote. Niliwaandikia watu rufaa hata kwa nusu punje, wakaniita mwoga. Baadhi yao walipona. Mnaweza kujifariji na hao mkipenda, mimi wameshindwa kunifariji. Nikilala simwoni yule wa jogoo wala hao wengine. Naona ile sketi.

Mwezi uliopita nilikuwa barazani kwangu Butimba nachambua mchele. Akaingia mwanamke mwenye shingo iliyoelemea kushoto, amemshika mtoto wa kike wa miaka saba hivi.

"Shikamoo, Nesi Vero."

Niliitikia marahaba kabla sijamtambua, na nilipomtambua mchele ulinimwagika. Kabula ana miaka zaidi ya thelathini sasa, anauza dagaa, ana watoto wawili. Alikataa chai. Mtoto anaitwa Neema. Alikuwa amechanwa na bati la uzio begani, akashonwa, kidonda kikafunga, na sasa ni mwezi wa nne. Kabula alifungua mkoba akatoa bahasha ndogo ya vidonge. Ndani yake kulikuwa na uzi mweupe wa magunia, una fundo kila mwisho.

Alikuwa ameukata mwenyewe siku kidonda kilipofunga. Hakuna aliyemfundisha zaidi yangu, siku ile nilipojisikia kueleza.

"Pima," alisema.

Nilimwambia macho yangu yamekwisha, aende kituoni, kuna vijana wazuri. Nilikuwa nawasingizia ninyi ili nijifiche.

"Mimi nimeshapima, nesi. Nataka useme wewe."

Nikaenda kunawa mikono, nikavaa miwani. Nilibonyeza kwanza kwa kidole gumba kama nilivyofundishwa, na joto nililipata kabla ya kuulaza uzi. Mtoto alitulia. Nililaza uzi ncha hadi ncha, nikaurudia, na safari hii sikuuvuta.

"Limepita," nikasema.

"Kwa kiasi gani?"

"Punje mbili."

Kabula alinitazama. Hakuwa na hasira usoni, na ningependa angekuwa nayo.

"Au amekua?"

Mtoto alikuwa na sare ya shule. Nililiangalia pindo la sketi yake kwa muda mrefu, likiwa palepale magotini.

"Hajakua," nikamjibu.

Ndipo nikajua kwamba alikuwa anajua tangu akiwa na miaka kumi na miwili. Aliiona ndoo. Alizihesabu nyuzi zote tatu. Alimwona mama yake akiniomba msamaha, naye akanyamaza, pengine kwa heshima, pengine kwa sababu mtoto hana pa kulipeleka jambo kama hilo. Nilianza kusema, mama yako, marehemu, nilitaka, na maneno yakaishia hapo. Hakunisaidia kuyamalizia.

Nilimwambia ampeleke kesho asubuhi, asisubiri hata wiki, sindano zianze. Nikamwambia pia kwamba dawa yenyewe kuna miezi inakosekana, na kwamba damu ya mama inapita kwa mtoto, kwa hiyo simwahidi kitu. Alitikisa kichwa kwa kadiri shingo inavyomruhusu. Neema alikuwa anafunga kifungo cha shati lake.

"Bibi, litashuka lini?" akaniuliza.

Nilikuwa na majibu mengi ya swali hilo zamani. Nikamwambia sijui.

Wakasimama kuondoka. Uzi ulikuwa bado kwenye kiganja changu, na kwa mazoea ya miaka yote ile nikawa nautafutia mahali pa kuutunza. Kabula aliuchukua taratibu, akaurudisha kwenye bahasha, akaiweka mkobani na kufunga zipu.

"Huu nitakaa nao mwenyewe," alisema.